Barua ya wazi kwa mawakili vijana wa halmashauri za Tabora: mfikeni nyumbani kwa mtoto kabla ya kufika mahakamani

Wanangu mawakili,

Mwangaluka. Nimepata habari kwamba baadhi yenu mmeripoti hivi karibuni katika halmashauri za mkoa wetu, kuanzia Igunga na Nzega hadi Sikonge, Urambo na Kaliua, na kwamba pamoja na mikataba ya ujenzi na migogoro ya ardhi mmekabidhiwa mafaili yanayotoka kwa maafisa ustawi wa jamii. Niliyashika mafaili ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na ninawaandikia juu ya hayo peke yake. Mikataba na ardhi mtapata wa kuwafundisha. Faili la mtoto, kwa jinsi nilivyoona, hupewa wakili aliyeingia kazini mwisho, tena asubuhi ya siku ya shauri, kana kwamba ni kazi ya kujazia muda.

Sheria haikulichukulia hivyo. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kimeitwika halmashauri yenyewe wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake: kuwashauri wazazi na walezi, kumpatia hifadhi mtoto aliyepotea au aliyetelekezwa, kuwatafuta wazazi wake, na kuweka rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi. Angalieni maneno "ndani ya eneo lake". Mtoto aliyekuja msimu huu na wazazi wake kutoka Kasulu, wakalima tumbaku kwenye shamba la mtu kwa malipo ya mwisho wa msimu, ni wa halmashauri yenu kwa muda wote anaolala kwenye ardhi yenu. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mtu mzima alisema kwa sauti, "Huyo si wa kwetu, arudishwe kwao," na wote tukanyamaza. Kumrudisha kwao kunaweza kuwa uamuzi sahihi, lakini unafikiwa baada ya mtoto kulindwa na wazazi kutafutwa, wala si njia ya kulitoa faili mezani.

Neno langu kubwa kwenu ni kwamba ripoti ya ustawi ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kabla ya kupelekwa mbele ya hakimu. Nilijifunza hilo kwa kosa ambalo sikulilipia mimi, bali walililipia wengine, na nitawaeleza lilivyokuwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Sheria ya Mtoto kuanza kutumika, katika mojawapo ya wilaya zetu za tumbaku, nami sikuwa mgeni kazini. Afisa ustawi, kijana mwenye bidii aliyekuwa akihudumia kata nyingi kwa pikipiki ya kuazima, alifika kwenye kaya moja saa sita mchana. Akamkuta mvulana wa miaka tisa na dada yake mdogo, mlango umefungwa kwa kamba, na chakula kilichoonekana ni kipande cha ugali wa jana kilichofunikwa kwa sahani. Alimwuliza mvulana mlezi wake yuko wapi, naye akajibu, "Sijui." Ripoti ikaandikwa kwamba mlezi hayupo na watoto wametelekezwa. Niliisoma mara mbili. Nilisahihisha tahajia, nikapanga aya vizuri, nikaipeleka mahakamani, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuipinga, amri ikatolewa na watoto wakapelekwa kwenye makao ya watoto mjini.

Wiki ya tatu akaja bibi yao ofisini. Alifungua fundo la kanga juu ya meza yangu, akatoa kadi za kliniki za watoto wote wawili, madaftari ya shule ya mvulana, na stakabadhi ya mauzo ya tumbaku ya chama chao cha msingi, ikiwa na tarehe ileile ya ziara ya afisa wetu. Siku ile alikuwa sokoni, anasubiri mizigo yake ipimwe na kupangiwa daraja, kama ambavyo kila mkulima wa tumbaku husubiri tangu alfajiri hadi jua linapokuchwa. Watoto alikuwa amewaacha chini ya uangalizi wa jirani, ambaye hakuulizwa. Hakuulizwa mwenyekiti wa kitongoji, hakuulizwa mwalimu, na huyo mvulana aliulizwa swali moja tu. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuuliza, nilikuwa nimeshughulika na tahajia. Ilituchukua miezi minne kuwarudisha watoto wale kwa bibi yao, na nilipokwenda kuwaona baadaye aliniambia kwamba mdogo alikaa siku kadhaa nyumbani pale bila kumwita "Bibi".

Kwa hiyo mkipokea ripoti, anzeni na saa ya ziara na idadi ya ziara, kwa maana kaya ya mkulima saa sita mchana wakati wa msimu si kaya ileile ya saa kumi na mbili jioni. Tafuteni ndani yake sauti za watu: jirani amesema nini, mwalimu amesema nini, na zaidi ya wote mtoto amesema nini kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa Sheria imempa haki ya kujieleza na kutoa maoni yake. Kisha ulizeni ni msaada gani uliojaribiwa kabla ya wazo la kumtoa mtoto nyumbani. Kama ukurasa wa msaada ni mtupu, maombi hayajaiva, hata kama tarehe ya mahakama imeshapangwa. Ombeni muda. Hakimu atakasirika kidogo, na hasira hiyo inapita.

Nawasihi sana katika hili msimdhalilishe afisa ustawi. Yeye si karani wenu na nyinyi si wakubwa wake; ana taaluma yake, na mara nyingi hana usafiri, hana mafuta, na ana kata nyingi kuliko siku za wiki. Msimwandikie maoni yake upya ili yapendeze mahakamani. Mwulizeni, mbishane ikibidi, na mkishindwa kukubaliana aandike lake nanyi muandike ushauri wenu, vyote viwili vikae kwenye faili. Njia niliyoiona ikifaa kuliko zote ni kupanda pikipiki pamoja naye na kwenda. Ofisini mtaambiwa kwamba wakili haendi vijijini kuhoji majirani. Nendeni.

Mtakapoanza kwenda, mtakutana na jambo ambalo katika mkoa huu halikwepeki: tumbaku. Sheria inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomzuia kusoma wala kumdhuru, na inakataza kazi hatarishi kwa kila aliye chini ya miaka 18. Wazazi watawaambia, kwa moyo safi, kwamba wanamfundisha mtoto kazi kama wao walivyofundishwa. Msiwajibu kwa vifungu. Itazameni kazi yenyewe. Mtoto anayechuma majani mabichi asubuhi yenye umande hupokea nikotini kupitia ngozi, akatapika na kuona kizunguzungu, na nyumbani wakadhani ni malaria. Anayekesha akichochea moto kwenye bani la kukaushia anavuta moshi usiku kucha na kusinzia darasani. Tazameni vidole vyake vilivyoganda utomvu mweusi usiotoka kwa maji peke yake. Hiyo ni tofauti na mtoto anayechota maji na kuchunga mbuzi baada ya shule, na wakili asiyeiona tofauti hiyo ataipeleka mahakamani familia isiyostahili au ataiacha inayostahili.

Wala msiandike umaskini kwa jina la utelekezaji. Nyumba ya nyasi, mlo mmoja kwa siku, mtoto asiye na viatu: hayo ni mambo ya kumpeleka afisa ustawi kwa mtendaji wa kijiji kuuliza kama kaya ile imeingizwa kwenye ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na kama haijaingizwa ni kwa nini. Mama aliyefiwa na mume hahitaji amri ya mahakama juu ya watoto wake. Anahitaji mbegu na kadi ya matibabu, na mara nyingine barua yenu kwa shemeji zake waliochukua shamba.

Mahakama ya Watoto mtaizoea upesi. Anakaa hakimu mkazi, kikao ni cha faragha, na mwenendo wake ni wa kuulizana kuliko wa kushindana. Kanuni za mwaka 2016 zimeeleza utaratibu wake, zisomeni zote. Msimhoji mtoto kama shahidi wa mgogoro wa mpaka. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hilo ni jema, lakini kumbukeni kwamba wapo bibi na babu zetu ambao Kiswahili chao ni cha sokoni na mambo ya moyoni huyasema kwa Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha. Ombeni mkalimani mapema, na kamwe msimtumie mjukuu mwenyewe kutafsiri maneno yanayosemwa juu yake.

Sasa niseme juu ya simu, kwa sababu itapigwa. Binti ameharibiwa, familia mbili zimekaa chini ya mwembe, ng'ombe wametajwa, na mtu mwenye cheo anakupigia kukuomba "uisaidie jamii" kwa kuandika hati ya makubaliano. Shauri la jinai ni la Polisi, kupitia Dawati la Jinsia na Watoto, na la Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Si lenu kuliendesha, na hivyo si lenu kulimaliza. Lililo lenu ni usalama wa binti: alale wapi, asome wapi, nani amzuie mjomba asimpeleke wilaya nyingine kabla ya siku ya ushahidi. Kama ni mwanafunzi aliyeozwa au kupewa mimba, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 kosa hilo lina kifungo cha miaka 30, na ukubwa wa adhabu hiyo ndio unaowafanya ndugu wafanye haraka kuelewana. Hati hiyo msiiandike, msiisahihishe, msiishuhudie. Jibuni simu kwa heshima zote, kisha siku hiyohiyo andikeni kwa Mkurugenzi kwamba mmeombwa na mmekataa, na nakala ikae kwenye faili. Maandishi hayo yalinilinda mimi mara mbili, na mara moja yalimlinda binti.

Gumu zaidi ni pale anayelalamikiwa anapokuwa mtumishi wa halmashauri yenyewe, mathalani mwalimu. Mteja wako ni halmashauri, na wajibu wa kumlinda mtoto nao ni wa halmashauri, hivyo usijidanganye kwamba umesimama upande mmoja tu. Mwambie Mkurugenzi kwa maandishi kwamba suala la nidhamu lishikwe na mwingine na la mtoto na mwingine, na kama mko wakili mmoja, ombeni msaada kwenye Sekretarieti ya Mkoa. Tangu mwaka 2020 anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa taarifa ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Utaratibu huo una sababu zake, lakini nawaomba siku hizo 90 mzitumie kurekebisha kilichoharibika, si kuombea kwamba mama wa mtoto atachoka.

Juu ya siri nitasema kidogo tu, kwa kuwa mnajua: jina la mtoto halitajwi kwenye kundi la simu la watumishi, hata kwa nia ya kumchangia.

Amri ikishatolewa, faili linaanza maisha yake ya pili, na hapo ndipo tulipokuwa tukilegea wote. Mtoto akishapelekwa kwenye makao au kwa ndugu, barua zinakoma, afisa anahamishwa, na mwaka unapita bila mtu kumwona. Wekeni tarehe ya kumtembelea kwenye kalenda yenu kama mnavyoweka tarehe za kesi.

Wiki hii, kabla faili jipya halijafika, mwombeni afisa ustawi awaonyeshe ile rejista ya watoto. Chagueni majina matatu ambayo hayajaandikwa neno jipya kwa muda mrefu, mmoja wao awe wa kata ya mbali kabisa, kisha mwende naye. Mfike jioni, watu wakiwa wamesharudi kutoka mashambani.

Mama yenu,
mwanasheria mstaafu wa halmashauri,
Isevya, Tabora