Barua ya wazi kwa vijana wa Malindi: moto wa maandamano una wenyewe wengi

Barobaro na mabinti wa Shella na Maweni, wa Barani, Muyeye, Majengo na Kisumu Ndogo, na nyinyi wa ng'ambo ya mto Sabaki mnaoingia mjini kila asubuhi kutafuta riziki:

Asalaam aleikum, na amani iwe kwenu nyote, wa dini zote.

Tangu mwaka 2024, Juni na Julai imekuwa miezi ya maandamano katika nchi hii. Kila moshi mweusi unapoonekana kwenye runinga, baadhi ya wazee wenzangu barazani hutikisa vichwa na kusema vijana wa siku hizi wana wazimu wa kuchoma vitu. Siwaungi mkono. Moto wa maandamano una sababu zake, na nyingi mwazijua kuliko mimi. Nitazitaja kwanza, msije mkadhani nawaomba jambo nisilolielewa.

Tairi kuukuu halina bei. Limerundikwa kwa kila fundi wa panchari, bure kwa anayelitaka. Vijana ishirini hawawezi kulizuia lori kwenye barabara ya Mombasa kwa vifua vyao, lakini matairi matatu yaliyomwagiwa petroli yataifunga barabara hiyo kwa muda mrefu. Maji hayalizimi upesi, kwani huteleza juu ya mpira na moto ukaendelea ndani ya uwazi wa tairi. Tena moshi wake huita watu: aliye Muyeye atajua kuna jambo mjini bila kupigiwa simu.

Halafu kuna kitoa machozi. Kile si gesi hasa, ni unga laini sana unaorushwa hewani kwa moto ulio ndani ya mkebe, na hukaa chini chini, penye pua na macho ya watu. Moto wa barabarani hupasha hewa, hewa hupanda, na baadhi ya unga hupanda nayo. Ndiyo maana polisi wakianza kufyatua, watu huwasha chochote kilicho karibu. Na mkebe wenyewe huanguka ukiwa wa moto. Ukiangukia nyasi kavu, magunia au kibanda, waweza kuwasha moto ambao hakuna kijana aliyeukusudia. Hili watu wengi hawalisemi, nami nataka lisemwe.

Kamera nazo zina sehemu yake. Watu elfu wakitembea na mabango hadi ofisi ya serikali wakarudi makwao, huenda taarifa ya habari isiwataje. Tairi moja likiwaka, picha yake imezunguka nchi kabla ya adhuhuri. Hamkufundishwa na mtu, mmejifunza kwa kuona. Wenye vyombo vya habari nao wajitazame.

Na kuna uchungu wa mtu aliyeandika barua, akapanga foleni, akapiga kura, na bado hakusikilizwa. Nelson Mandela alichoma pasi yake, kile kitambulisho ambacho serikali ya ubaguzi wa rangi iliwalazimisha Waafrika kutembea nacho, hadharani mwezi Machi 1960, baada ya polisi kuwaua watu 69 Sharpeville, Afrika Kusini. Simlaumu hata kidogo. Lakini tazameni vizuri alivyofanya. Pasi ilikuwa yake, mkono ulikuwa wake, uso wake ulionekana, na kila aliyeiona picha ile alijua nani anachoma nini na kwa sababu gani. Moto ule ulikuwa na mwenyewe mmoja.

Moto wa barabarani una wenyewe wengi, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Mkishaliwasha tairi, mabomu ya machozi yakalia mkakimbia, moto unabaki na aliyesimama karibu. Mwizi atavunja duka, kisha alichome afiche wizi wake. Mwenye deni atachoma daftari. Aliyelipwa kuharibu maandamano yenu atachoma ofisi, na jioni mtaambiwa ni nyinyi. Msidhani hawa wa kulipwa ni hadithi. Tarehe 17 Juni 2025 pale Nairobi nchi nzima iliwaona wanaume juu ya pikipiki, na mijeledi na marungu, wakiwapiga waandamanaji mchana kweupe. Watu kama hao wakikuta kuna moto tayari, kazi yao imekwisha kurahisishwa.

Mambo haya ni ya zamani. Usiku wa tarehe 27 Februari 1933 jengo la Bunge la Ujerumani liliungua. Wanahistoria wamebishana miaka mingi juu ya waliohusika. Lisilobishaniwa ni kwamba kesho yake serikali ya Hitler ilitoa amri ya kusimamisha uhuru wa kusema, wa kuandika na wa kukutana, na wapinzani wakakamatwa kwa maelfu. Mtawala aliyekuwa akitafuta kisababu alikipata.

Mtaniambia: mzee, tarehe 25 Juni 2024 sehemu ya Bunge letu iliwaka, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi uliowatoa watu barabarani. Ni kweli alikataa. Lakini moto ule uliwashwa siku hiyo moja, na nyinyi mlikuwa mmetembea siku kadhaa kabla yake, mji baada ya mji, kwa idadi ambayo nchi hii haikuwa imeizoea, mkiwa na simu, chupa za maji na bendera. Mimi naamini hilo ndilo lililomtikisa. Moto ulileta jambo jingine: siku ile ile jeshi liliitwa kuwasaidia polisi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatangaza kwamba watu 22 wamekufa, na bado wako waliotaka kuzungumza juu ya jengo kabla ya kuzungumza juu ya watoto wa watu. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Sheria nayo muijue. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayechoma jengo kwa makusudi anaweza kufungwa maisha. Na mwaka 2025 baadhi ya vijana waliokamatwa kwa uchomaji walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi. Mzazi wa Maweni atapata wapi wakili wa kesi ya ugaidi?

Kwetu hapa kuna hatari nyingine isiyokuwepo Nairobi. Juni na Julai ni miezi ya kusi. Upepo unavuma kutoka kusini kwa nguvu, na mji wetu una makuti kila upande, kwenye mahoteli, mikahawa, mabanda ya wachuuzi na nyumba za wanyonge. Cheche moja ikipanda juu ya paa la makuti, hata gari la zimamoto likiwa njiani, kilichobaki ni kuokoa jirani. Anayeunguliwa hapo ni mama wa mahamri na mbaazi. Waziri hana kibanda Malindi.

Sanamu ya Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya ukoloni wa Waingereza, iko hapa mjini mwetu, na mwaijua habari yake. Mwaka 1913 aliwaamsha Wagiriama kwa ngoma ya kifudu na kwa kiapo. Mwaka 1914 aliyekuwa na moto mkononi alikuwa Mwingereza: alichoma nyumba za watu na akailipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti. Na majirani zetu wa Lamu walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa miaka. Waliandamana, wakapeleka malalamiko, wakashitaki, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa linaloamua kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo ule.

Basi nawaomba hivi. Mkitaka kuandamana, andikeni notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi siku tatu kabla, kama sheria inavyotaka. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, vijana wachache wapite kwa mafundi wa panchari wawaombe wayafungie matairi ndani. Kitoa machozi kikirushwa, sogeeni upande wa kusini unakotoka upepo, muoshe macho kwa maji safi, msiyasugue. Mkimwona mtu akiwasha moto, mpigeni picha ya simu, lakini msimguse. Na wekeni vijana wanne wenye ndoo za mchanga pande zote za msafara.

Sisi wazee tutatembea mbele yenu. Nimeshasema na wenzangu, wanaume kwa wanawake, na wako waliokubali. Notisi ikishapokelewa, nileteeni nakala hapa barazani tujue tunatoka saa ngapi na tunapita njia ipi.

Mzee wenu,
Shella, Malindi