Wifi yangu, hilo kopo la kusafisha utumbo liache kwanza

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti kuhusu ule unga wa kopo anaokuuzia muuzaji nimeusikiliza, na ile picha ya kopo nimeikuza mpaka nikasoma maandishi madogo ya ubavuni: husafisha utumbo, huondoa sumu, huongeza kinga ya mwili. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Kina dada wenye lupus kama wewe, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, wa Igoma na wa Buzuruga hapa Mwanza, mpaka Nansio huko, wananiuliza habari ya makopo ya namna hiyo. Jina lako silitaji, kaka yako kanisisitizia, na nimemwambia hata yeye jina lake halimo.

Kinachoniudhi kwa huyo muuzaji ni kwamba hakukudanganya kila kitu. Angesema uongo mtupu ungemcheka, nakujua. Amekuambia lupus ina uhusiano na bakteria wa tumboni, na hapo yuko sahihi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kundi la Martin Kriegel, waliandika katika jarida la Science kuhusu bakteria anayeitwa Enterococcus gallinarum. Walikuwa na panya ambao kwa kuzaliwa hupata ugonjwa unaofanana na wako. Ndani ya panya hao, bakteria huyu alipenya ukuta wa utumbo, akaingia kwenye tezi za limfu, akafika mpaka kwenye ini. Alikofika, kinga ikawaka, mwili ukaanza kutengeneza kingamwili za kujishambulia wenyewe. Panya walipopewa antibayotiki, au chanjo iliyomlenga yeye tu, hali yao ikatengemaa. Watafiti wakapima na vipande vya ini vya wagonjwa wa lupus, nako wakakuta alama zake.

Mwaka uliofuata wenzao wa New York, kundi la Gregg Silverman, walichunguza choo cha wanawake 61 wenye lupus. Bakteria mwingine, Ruminococcus gnavus, alikuwa amejaa kwao kiasi cha mara tano ukilinganisha na wanawake wasio na ugonjwa huo, na aliongezeka zaidi ugonjwa ulipolipuka, hasa kwa wale ambao lupus imeshika figo. Na kuna waliogundua kwamba baadhi ya bakteria wana protini inayofanana na protini ya mwili wetu iitwayo Ro60. Kinga ikishazoea kumwinda bakteria mwenye protini hiyo, inaweza kuja kukuwinda na wewe uliyefanana naye.

Ukuta wa utumbo, nikukumbushe, kwa ndani umezibwa na safu moja tu ya seli iliyopakwa ute. Upande mmoja wamekaa bakteria matrilioni, upande wa pili kuna damu yako na sehemu kubwa ya askari wa kinga wa mwili mzima. Ukuta ukilegea, hao majirani wanakutana.

Sasa kopo linasema linaongeza kinga. Wifi, wewe kinga hujapungukiwa. Wewe ni binti wa Kisukuma, sungusungu unawajua: wakiwa na adabu kijiji kinalala usingizi, lakini wakianza kumpiga mwenye nyumba wakimdhania mwizi, hakuna mtu mwenye akili atakayekwenda kuwaongezea marungu. Vidonge ulivyopewa kliniki kazi yake ni kuwatuliza. Huwezi asubuhi ukameza cha kuwatuliza, jioni ukakoroga uji wa kuwachochea, halafu umuulize daktari mbona magoti bado yanauma.

Na hata hao wanaoitwa bakteria wazuri, nenda nao polepole. Kundi lilelile la Yale lilichapisha mwaka 2019 kisa cha Lactobacillus reuteri, ambaye anauzwa duniani kote kama rafiki wa tumbo. Kwa aina fulani ya panya wa lupus, rafiki huyo aliuzidisha ugonjwa. Kilichomrudisha nyuma kilikuwa chakula: wanga ule usiomeng'enywa upesi, unaofika utumbo mpana ukiwa bado mzima, bakteria wengine wakauchachusha na kutoa asidi fupi za mafuta zinazomzuia. Nilipoisoma hiyo nilicheka, maana wanga wa namna hiyo umo kwenye ndizi mbichi, kwenye maharage, na kwenye kiazi au wali ukishapikwa ukapoa. Kiporo, kwa lugha ya nyumbani. Lakini ni panya hao, wifi. Usije ukamwambia mtu kwamba nimesema kiporo kinatibu lupus. Nasema tu kwamba kama una pesa za kopo za kuhudumia tumbo lako, sokoni Kirumba zitakununulia maharage, choroko, viazi vitamu na mlenda, na hakuna atakayekuuliza kama unavichanganya na vidonge.

Hilo neno kusafisha nalo linanikera. Kusafisha ili pabaki nini? Mwaka 2014 watafiti walilinganisha utumbo wa Wahadzabe wa pale Ziwa Eyasi na wa watu wa mjini Bologna, Italia. Wahadzabe, wanaoishi kwa mizizi, asali, matunda na nyama ya porini, walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Na bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, ambao ndio wanaosifiwa kwenye matangazo, kwao hawakuonekana kabisa. Tumbo lenye afya halina sura moja, kwa hiyo anayekuuzia usafi angekueleza kwanza uchafu ni upi.

Kuna mambo mawili ya bakteria ambayo muuzaji hatakuambia, na kwako ni makubwa kuliko kopo.

Septrin. Najua ilivyo kwetu: tumbo likivuruga, kikohozi kikizidi, mtu anapita duka la dawa anapewa Septrin bila hata kuulizwa. Septrin ina salfa, na dawa zenye salfa zinaweza kuamsha lupus, na wagonjwa hushauriwa kuziepuka. Ukifika dukani sema mapema kwamba una lupus, na ukiweza mtume mtu akiwa na kadi yako ya kliniki. Antibayotiki nyingine nazo usinunue kwa kubahatisha eti unaua yule bakteria wa Yale. Zinafyeka na wasiohusika.

La pili ni maziwa. Mgando wa mama mkwe naupenda kama wewe unavyoupenda, ila ule wa maziwa yasiyochemshwa, kwa mtu anayemeza predinisoloni, ile steroidi ya kutuliza kinga, ni hatari. Brusela, bakteria wa maziwa mabichi, haina simile na mtu ambaye kinga yake imetulizwa kwa dawa. Achemshe kwanza, agandishe baadaye. Mwambie mimi ndiye niliyesema, lawama nitazibeba.

Haidroksiklorokwini endelea nayo. Wale majirani wanaosema unakula dawa ya malaria bila malaria, waache. Ndiyo, ilianzia kwenye malaria, lakini kwa lupus ndiyo msingi wa matibabu: hupunguza milipuko na husaidia kulinda figo. Chandarua usikiache kwa sababu yake, na macho yapimwe kama ulivyopangiwa. Predinisoloni usiikatishe ghafla hata siku ukijisikia mzima, maana mwili ulioizoea ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuanguka vibaya.

Halafu uliniambia kwamba jirani yako alitumia ule unga wiki moja akaacha kuchechemea. Hapo ndipo niliposhtuka hasa. Duniani kumekamatwa dawa za "asili" zilizochanganywa na steroidi kimyakimya, na steroidi humnyanyua mtu wa viungo kwa siku chache kweli. Sisemi kopo lako limo humo. Nasema usilifungue, wala usilitupe; lete kliniki, daktari alione na lebo yake. Njoo pia na mkojo upimwe, kwa sababu lile povu la mkojo ulilolitaja katikati ya ujumbe kama jambo dogo, pamoja na viatu kukubana jioni, huweza kuwa dalili ya figo, na mimi sikulisikia kama jambo dogo. Usisubiri tarehe ya kadi. Panda kivuko cha asubuhi, vaa mikono mirefu na kofia pana, na ukishuka gati la Kamanga hapa Mwanza nipigie nije na bajaji, usitembee na jua.

Wifi yako.