Risala ya Kamati ya Kumbukumbu, Ribe, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wachungaji wetu, wazee wetu, wazazi na vijana: Bwana asifiwe!

Tunakushukuru kwa kufika, tena kwa barabara uliyoiona mwenyewe. Hiyo leo hatuitaji.

Historia tutaipitia haraka kwa sababu ya jua. Misheni ya Kimethodisti ilianza hapa Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, mmisionari Mjerumani Krapf alipomleta mmisionari Mwingereza Thomas Wakefield. Mwaka uliofuata akaja mmisionari mwenzake Charles New, ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Rebecca, mkewe Wakefield, alifika Afrika Mashariki mwaka 1870 na akafariki hapa hapa mwaka 1873. Barua alizowaandikia jamaa zake Uingereza zilichapishwa baadaye. Wakefield naye alipeleka London maelezo ya njia za misafara ya bara, yakachapishwa mwaka 1870. Sifa alipewa yeye, ingawa aliyezijua njia hizo na kumsimulia ni Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara. Ndiyo sababu tunataka watoto wetu wazisome karatasi hizi wenyewe.

Mafanikio yetu, Mheshimiwa, ni makubwa. Tumeanzisha Kituo cha Kumbukumbu, yaani chumba kile kimoja kando ya kanisa. Tumepata nakala za baadhi ya barua, kwani kumbukumbu za misheni zenyewe zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, chuo kilichoko London. Vijana wetu walianza kuzichapa kwenye kompyuta, na waliendelea vizuri sana hadi ilipoingia maji.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ombi letu, nalo ni moja tu: paa.

Mabati ya chumba kile yameoza. Mvua ya masika ikianza, katibu wetu hukimbia na turubai usiku. Nakala zimo katika sanduku la bati lililofungwa kwa waya, na juu yake tumeweka beseni. Hata hivyo, barua moja ya Rebecca imebaki nusu: sehemu ya juu inasomeka, ya chini wino umetapakaa, na pembeni mchwa wamekula. London karatasi zenyewe ziko salama. Nakala zinaozea Ribe, barua zenyewe zilikoandikiwa.

Mheshimiwa, mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapo hapo uliposimama, akatuahidi mabati kabla ya Krismasi. Tulimpigia makofi mengi, tukampa na mbuzi. Krismasi imekuja na kupita, nasi kwa heshima zote tunakubali kwamba huenda hakutaja ni ya mwaka gani. Mbuzi wako pia yuko tayari, ila kamati imeshauriana na kuona ni vyema tukukabidhi baada ya mabati kushushwa.

Fundi ameshapima. Tunahitaji mabati 40 ya geji 28, mbao, misumari na kabati moja la chuma lenye kufuli. Ufundi na chakula cha mafundi ni juu yetu. Orodha ya bei imo ndani ya bahasha hii, na namba ya simu ya mweka hazina imeandikwa nyuma yake.

Ni sisi watiifu wako,
Kamati ya Kumbukumbu, Ribe