Mkojo wa mjamzito uoteshwe kabla ya dawa kuanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo nimelitazama kwa miaka yangu yote ya ukunga, na ambalo mwaka jana liliingia nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu, akiwa na mimba ya wiki 20, alianza kusikia maumivu ya ubavu wa kulia na homa ya vipindi. Tangu mimba ilipoingia alikuwa amekwishatumia dawa mara tatu, kila mara kwa jina lile lile la UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mara ya kwanza alipewa vidonge baada ya kipimo cha kijiti, kile kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi. Mara ya pili alinunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, akakatiwa kumi tu kwa kuwa fedha aliyokuwa nayo ilitosha hivyo. Mara ya tatu alifuata maelekezo ya jirani. Hakuna aliyewahi kuotesha mkojo wake, yaani kuwakuza maabara bakteria waliomo ili wajulikane ni wa aina gani na ni dawa ipi inayowaua. Alipolazwa ndipo mkojo ulipopelekwa maabara, naye akaanzishiwa sindano iliyozoeleka. Mimba ilitoka siku ya pili usiku. Majibu yalifika siku ya tatu, yakionyesha bakteria wa Escherichia coli waliokuwa sugu, yaani wasiouawa tena na dawa, kwa sindano ile, kwa ampisilini na kwa kotrimoksazoli.

Daktari aliyemhudumia alitueleza kwa ukweli kwamba hawezi kuapa kuwa bakteria hao peke yao ndio walioitoa mimba, na mimi pia siapi. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo hutokana na hitilafu za kromosomu, ambazo mama hakuzisababisha na asingeweza kuzizuia. Nalisema hili wazi kwa sababu nimewaona wanawake wengi wakisemwa na mawifi na mama wakwe kwamba wana "UTI sugu" iliyotokana na uchafu wao, maneno ambayo humwongezea msiba mtu aliye katika msiba. Hata hivyo, maambukizi yanayopanda hadi kwenye figo ni hatari ya kweli: homa kali na uvimbe huweza kuuchochea mji wa mimba ubane kabla ya wakati, mtoto akazaliwa njiti, na bakteria wakiingia kwenye damu, mama mwenyewe anaweza kufa.

Ujauzito wenyewe hufungua njia. Homoni hulegeza mirija inayotoa mkojo kwenye figo, mji wa mimba unaokua huikandamiza, na mkojo hutuama mahali ambapo ulipaswa kupita tu. Ndiyo maana bakteria wanaokaa kwenye kibofu cha mjamzito bila kumletea muwasho wala maumivu yoyote, na ambao kwa mtu mwingine wangeachwa, kwake hutakiwa kutafutwa na kutibiwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa njia ya kuwatafuta bakteria hao kwa wajawazito iwe kuotesha mkojo, na kwamba wanaopatikana nao watibiwe kwa siku saba.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mjamzito hufungiwa milango ya dawa mara mbili. Wa kwanza hufungwa na ujauzito: doksisaiklini huathiri meno na mifupa ya mtoto, siprofloksasini huepukwa, kotrimoksazoli huingilia kazi ya foliki asidi katika miezi ya mwanzo, jentamaisini hutolewa kwa tahadhari kwa kuhofia masikio ya mtoto, na nitrofurantoini huepukwa siku za kujifungua zinapokaribia, tena haifai maambukizi yakishafika kwenye figo. Zinabaki chache, nyingi zikiwa za ukoo wa penisilini na sefalosporini. Mlango wa pili hufungwa na usugu, na unaangukia hasa zile chache zilizobaki, kwa kuwa baadhi ya bakteria hutengeneza vimeng'enya vinavyozivunja dawa hizo kabla hazijafanya kazi, na vinasaba vya kutengeneza vimeng'enya hivyo hupeana wao kwa wao, hata kama si wa aina moja. Kinachobaki mara nyingi ni dawa kama meropenemu, ambayo hutolewa kwenye mshipa, na ambayo zahanati ya kijijini haina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kutokana moja kwa moja na bakteria sugu, na kwa uwiano wa idadi ya watu, Afrika kusini mwa Sahara ilibeba mzigo mzito zaidi.

Sasa tazameni tunavyopima. Kijiti huweza kubadilika rangi kwa sababu ya chembe nyeupe za damu, na chembe hizo zinaweza kutoka kwenye ute wa ukeni endapo mama hakuelezwa kujisafisha na kukinga mkojo wa katikati, baada ya kuuacha ule wa mwanzo upite. Wapo wanaoambiwa wana UTI na kumbe hawana, wakameza dawa bure na kuwafundisha bakteria wao wa tumboni kuzizoea. Wapo pia ambao kijiti huwapita. Hata kinapopatia, hakiwezi kusema ni dawa ipi itafanya kazi. Duka la dawa nalo huuza bila cheti cha daktari, ingawa sheria inakitaka. Simlaumu sana muuzaji wa kijijini, maana mara nyingi yeye ndiye mtu pekee wa afya aliye wazi saa mbili usiku.

Nisieleweke kwamba mjamzito akatae dawa. Sindano ya penisilini dhidi ya kaswende bado inafanya kazi kama ilivyokuwa tangu zamani, na imeokoa mimba nyingi ambazo zingeishia kwa mtoto kufia tumboni. Vilevile mwenye homa na maumivu ya ubavu hapaswi kusubiri majibu ya siku mbili au tatu: mkojo uchukuliwe kwanza, dawa ianze saa hiyo hiyo, kisha ibadilishwe majibu yakija.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba zahanati hazina maabara ya kuotesha. Ni kweli, lakini mwongozo ule ule wa 2016 unasema pasipo na uwezo wa kuotesha, mkojo upakwe kwenye kioo, utiwe rangi ya Gram, ambayo huwafanya bakteria waonekane, na kutazamwa kwa darubini, kwani njia hiyo ni bora kuliko kijiti. Darubini tunazo katika vituo vya afya vingi kwa ajili ya malaria na kifua kikuu. Kinachohitajika ni rangi na mafunzo. Aidha, makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu na damu ya kupima wingi wa VVU husafirishwa kila wiki kwenda maabara kubwa, na mkojo uliohifadhiwa kwenye ubaridi unaweza kusubiri hadi saa 24 kabla ya kuoteshwa. Sioni kwa nini chupa ya mkojo wa mjamzito isipande gari lile lile.

Mtoto wa dada yangu sasa ana mimba ya wiki 11. Safari hii tulimpeleka mji mwingine kuoteshwa mkojo, tukalipa nauli na kipimo kutoka mfukoni. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja kliniki, mwenye kadi inayofanana na yake, aliandikiwa dawa kwa kijiti na kurudi nyumbani. Naiomba Wizara ya Afya itueleze kupitia gazeti hili ni lini kipimo hiki kitaingizwa katika hudhurio la kwanza la kila mjamzito bila malipo, na ni maabara zipi zitakazopokea mikojo kutoka wilayani.

Mkunga mstaafu,
Morogoro