Mabwawa ya ndani: mzazi naye aingie majini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wazazi wenzangu tunaoishi Marekani kuhusu safari ambayo familia kadhaa za Waswahili ninazozifahamu hufunga kila ifikapo Januari au Februari, yaani kwenda kulala usiku mmoja au miwili katika hoteli zenye mabwawa ya michezo ya maji yaliyojengwa ndani ya jengo.

Sisi wa Minneapolis huelekea Wisconsin Dells, mji mdogo ulio kando ya mto Wisconsin, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari ikiwa barabara haina barafu. Zamani mji huo uliishi kwa watalii wa kiangazi, waliokuja kupanda boti na kutazama majabali ya mtoni, mpaka wenye hoteli walipoanza kujenga mabwawa chini ya paa ili biashara isilale wakati wa theluji. Mojawapo ya hoteli zake kubwa, iliyofunguliwa mwaka 2000, imepewa jina la Kalahari na kupambwa kwa sanamu za wanyama wetu. Hivyo mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa Minnesota anaweza kukutana na tembo kwa mara ya kwanza katikati ya theluji ya Wisconsin, jambo ambalo hadi leo sijaamua kama nilicheke au nilisikitikie.

Nilipotuma picha nyumbani Tanga, shangazi yangu alipiga simu kuuliza iweje tulalamikie baridi kila siku ilhali watoto wamevaa nguo za kuogelea. Nilimweleza kwamba nje ya vioo vile palikuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwamba ndani hewa hupashwa joto mpaka mtu asahau kabisa kuwa ni Januari. Alipouliza gharama nikamtajia, naye akasema huo ni ufujaji. Simlaumu, lakini sikubaliani naye. Mtu ambaye hajaishi mahali ambapo mwezi Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, na watoto wakashinda ndani ya vyumba viwili wiki baada ya wiki kwa sababu nje hapakaliki, hawezi kujua thamani ya siku mbili za kukimbia na kupiga kelele bila kukanywa. Isitoshe, gharama hupungua kwa anayejua kupanga. Bei ya chumba kwa kawaida huwa imejumuisha ruhusa ya kuingia majini kwa idadi ya watu walioandikishwa. Siku za katikati ya wiki huwa nafuu kuliko wikiendi, na nafuu zaidi kuliko siku zinazozunguka sikukuu ya Martin Luther King ya mwezi Januari. Tena hoteli nyingi humruhusu mgeni kuogelea siku anayofika kabla hajakabidhiwa chumba, na siku anayoondoka baada ya kukirudisha, hivyo usiku mmoja ukageuka kuwa siku mbili. La muhimu ni kusoma jumla ya mwisho, pamoja na ada ya hoteli na kodi, kabla ya kulipa.

Lakini fedha sizo zilizonifanya nishike kalamu. Kilichonifanya niandike ni sisi wazazi tunavyokaa tukishafika. Tazama meza zilizo kando ya bwawa: baba kavaa soksi na koti, mama kashika simu, watoto wamo majini, na kila mmoja anaamini kuwa yule kijana mwenye filimbi shingoni analipwa kutulelea. Nami nilikuwa hivyo. Miaka miwili iliyopita mwanangu, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alisimama penye maji ya kumfika magotini katika bwawa la mawimbi. Wimbi likaja, likamwangusha, na lililofuata likamkuta bado hajainuka. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwake, nikijibu ujumbe. Hakupiga kelele wala hakurusha mikono. Nilichosikia ni filimbi, na nilipoinua macho mwokoaji, msichana mdogo tu, alikuwa tayari amemnyanyua. Mtoto alikohoa, akalia, akaomba viazi vya kukaanga. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Tangu hapo nimejifunza kwamba hapa Marekani kuzama majini ndicho chanzo kikuu cha vifo vya watoto wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne, na kwamba mtoto anayezama aghalabu hufanya hivyo kimya kimya. Mwokoaji anaangalia vichwa vingi kwa wakati mmoja. Mzazi anaangalia kimoja au vitatu. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mzazi anapaswa kuwa ndani ya maji, karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono, na amvalishe jaketi la kujiokolea, ambalo mahali pengi huazimwa bila malipo. Yale maboya ya mikononi yanayojazwa upepo ni vitu vya kuchezea tu. Kwa akina mama wanaokaa kando kwa ajili ya stara, yako mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na ni vyema kuiuliza hoteli mapema. Kinachokataliwa mara nyingi ni nguo za pamba na jinzi.

Aibu yetu nyingine ni hii: nimekulia karibu na Raskazone, ufukweni mwa Tanga, nikajifunza kuogelea baharini kabla ya kujua kusoma, na bado niliwaacha wanangu wafike umri wa shule bila kufundishwa, kana kwamba kuogelea hurithiwa kama jina la ukoo. Mabwawa ya ndani ya YMCA, shirika lenye vituo vya michezo na mafunzo, hufundisha hata wakati wa baridi, na familia zenye kipato kidogo zinaweza kuomba kupunguziwa ada. Wanangu wameanza msimu huu, kila Jumamosi asubuhi. Mwezi ujao tunarudi Dells. Shangazi ameshaarifiwa, na ameagiza picha zaidi. Nimemwambia safari hii zitakuwa chache, maana simu itabaki chumbani.

Msomaji wako,
Mzaliwa wa Tanga,
Minneapolis, Minnesota