Mhariri, okidi za shambani kwangu zinachimbwa

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa pili.

Mi naishi huku Uporoto, juu kabisa kwenye baridi, nalima viazi na pareto kwenye shamba alilotuachia mzee. Kule juu kuna kipande kama nusu ekari hivi kimejaa mawe, mzee hakuwahi kukilima na mimi sikigusi, sasa mvua zikishakolea kuanzia mwezi wa 12 yani pale panabadilika kabisa, unakuta maua ya njano, zambarau, meupe, yale marefu yanayosimama kama mwenge juu mekundu chini njano, na yale makavu ambayo ukiyapitishia mkono yanalia kama karatasi. Asubuhi nakaa pale kwenye jiwe na kikombe changu cha chai na uchovu wote wa jembe unaisha.

Ninayoipenda zaidi ni okidi. Kuna moja ya rangi ya waridi, ukiinama karibu unaona kila kiua kimevaa kofia, alafu nyuma ya kofia vinaning'inia vijimkia viwili vyembamba. Nzuri jamani!

Basi mwezi wa pili nikakuta mashimo. Watu walipita na jembe na salfeti wakachimba viazi vya hizo okidi, yani mizizi yake iliyovimba, vinapelekwa Zambia kutengenezea chakula kinaitwa chikanda, wanavisaga na kupika na unga wa karanga. Kutafuta hela siwalaumu, maisha magumu. Ila okidi hizi chini zina viazi viwili tu, kimoja kimesinyaa ndo kinalisha ua la mwaka huu, kingine kigumu ndo cha mwakani, na wao wanataka hicho kigumu, kwahiyo mwakani hapo hapaoti kitu. Na huwezi kuipanda kama mahindi, mbegu yake ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, bila kukutana na kuvu wa udongoni haiendi popote.

Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa ajili ya maua haya haya, aina kama 350 za mimea, okidi peke yake 45, ndo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Sawa, kule kuna askari. Huku kwetu je? Tunapiga dawa ya magugu mpaka kingo za barabara, kipande kikibaki tunapanda milingoti (mikaratusi), siku hizi parachichi.

Mabwana shamba naomba mkija kutufundisha parachichi mtuambie pia tuache kingo na vipande vya mawe vilivyo na maua, maana nyuki wanaochavusha hayo maparachichi watakula wapi ua la parachichi likishapukutika? Na viongozi wa vijiji waulize hizo salfeti zina nini.

Mi nimeshachomeka vijiti pembeni ya okidi zilizobaki, ziko 31. Mwezi wa kwanza nitazihesabu tena.

Mkulima, Uporoto, Mbeya