Shoga, nisemee kwa kaka

Ujiji, Kigoma

Mwajuma shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, dagaa tu ndio hawashikiki bei. Lawama za ukimya wangu niwekee tukionana, leo nina shida.

Tunu, binti wa kaka, kafaulu PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Tulivyomaliza kushangilia, kasema anataka kusoma jiofizikia, awe mtaalamu wa matetemeko. Kaka kanuna mpaka leo. "Tetemeko haliji kila siku, atakula nini?" Yeye anataka famasi, kama yule kijana wa Bi Zuhura.

Mtoto kanikalisha. Shangazi, unakumbuka Desemba 2005? Nisikumbuke vipi, alasiri ile vyombo vinagongana kabatini, na yeye hata hajazaliwa! Eti tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 6.8, chini ya ziwa letu hili la Tanganyika. La Bukoba la 2016 lilikuwa 5.9, na letu lililizidi nguvu zaidi ya mara 20. Lakini Bukoba lilipiga karibu na mji, nyumba zikalala, watu wakafa. Kwa hiyo kazi yenyewe si kutabiri siku, hakuna aiwezaye. Ni kujua nyufa za ardhi ziko wapi na wapi patatikisika zaidi, ili wajengao mabwawa na reli wajue wanajenga juu ya nini. Kanichorea na mawimbi: la kwanza linatangulia, la pili linafuata. Hesabu sekunde kati yao, zidisha kwa 8, unapata takriban kilomita hadi lilikoanzia. Mimi wa kukimbia hesabu, hiyo niliielewa!

Nikampelekea kaka yote hayo. Kanyamaza, kisha: "Na hivyo vipimo vya matetemeko wanavifunga wapi?" Nikamjibu: porini, kwenye mwamba, mbali na malori. Basi hapo nikamwelewa. Pesa kisingizio tu, shoga. Binti wa pekee, alale mahema na wanaume asiowajua... Hilo nimeshindwa kulijibu.

Wewe uko Dodoma, na Taasisi ya Jiolojia iko hapo hapo. Yule jirani yako wa magari ya utafiti bado yupo? Kazini kwao wanawake wapo? Wakienda porini wanalala vipi? Wahitimu wanapata kazi, hata migodini au kwenye jotoardhi, ule umeme wa joto la ardhini, kule Ngozi, Mbeya, au wanazunguka na bahasha? Na kaka utampigia mwenyewe? Wewe anakusikiliza, mimi kwake bado kitoto. Fanya hima, dirisha la maombi ya vyuo linakaribia kufungwa. Halafu yale mawese niliyompa mama Rehema, alikufikishia au kayala?

Wako,
Asha